Kila Tundu na Kiraka Chake

Lifti ya hospitali ilikuwa imekufa siku ya tatu, na ukumbi wa dirisha la dawa ulijaa watu waliopanda ngazi na kushuka ngazi mpaka hawakuwa na nguvu hata ya kulalamika. Walikaa kwenye mabenchi, namba zao mkononi, wakitazama runinga iliyotundikwa juu ya mlango. Saa saba mchana ilikuwa saa ya Chombo Namba Nane, ile tamthilia ya watu wanaosafiri angani miaka mia na ishirini kwenda kwenye sayari ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona. Sauti ilikuwa chini, lakini mle ukumbini kila mgonjwa aliijua hadithi hiyo kuliko anavyojua jina la dawa yake.

Mzee mmoja mwenye fimbo alinyoosha kidole. Alitaka aelezwe: huyu nahodha si alikatwa mkono wa kushoto wiki iliyopita, sote tukishuhudia? Mbona leo anashika kikombe kwa mkono uleule?

Watu wakacheka kichovu. Mama mmoja akasema hao watunzi wanatuona wajinga. Ndipo sauti ikatokea chini, karibu na miguu ya watu. Mlango wa lifti ulikuwa wazi, umezungushiwa kamba ya njano, na nyuma ya kamba kilichomoza kichwa cha fundi. Mwili wake wote ulikuwa shimoni. Alisimama juu ya paa la lifti yenyewe, na grisi imempaka mstari kutoka sikioni hadi kidevuni.

"Mzee wangu, huyo siye aliyekatwa," alisema. "Kumbuka lile wingu la kijani. Chombo kilipopita mle, kila mtu alitoka na nakala yake. Aliyekatwa mkono ni nakala. Huyu ndiye mwenyewe, siku zote alikuwa amelala kwenye sanduku la barafu."

Mzee alifikiri, akaitikia kwa kichwa taratibu, akaridhika. Wengine nao wakaridhika. Dirishani, msichana aliyekuwa akihesabu vidonge akasimamisha mkono. Alivaa koti jeupe lenye doa la wino mfukoni, nywele kazirudisha nyuma na kuzibana, miwani imemshuka puani.

"Kama alikuwa kwenye barafu," aliuliza bila kuinua macho, "ndevu zake zimenyolewa na nani? Alilala na ndevu."

"Nipe mpaka kesho," fundi akasema.

"Kesho lifti itakuwa imepona."

"Basi haitapona."

Msichana huyo ni binti yangu, na hivyo ndivyo mambo yalivyoanza. Mengine niliyaona mwenyewe, mengine nimeambiwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Nayaandika kwa ajili ya wasichana wenye akili. Wale wanaoitwa wajinga hawahitaji onyo hili, kwa sababu wao wakitaka kujua jambo huuliza, kisha hukaa kimya kusubiri jibu.

Kesho yake fundi alikuja na jibu limeandikwa nyuma ya kadi ya kazi, kwa mwandiko mzuri wa kalamu nyeusi. Sanduku la nahodha liliwahi kuharibika mara moja, miaka tisa nyuma, akaamka peke yake, akanyoa, akalala tena. Ushahidi: katika sehemu ya nne kuna wembe umelowa kwenye beseni na hakuna aliyeuliza ni wa nani. Binti yangu alicheka mpaka ikabidi ahesabu upya vidonge vya mgonjwa aliyekuwa mbele yake. Siku ya Ijumaa lifti ilipona, lakini fundi aliendelea kuja kuikagua. Watu wa kwenye foleni walimbatiza jina la Viraka, kwa kuwa akiwepo yeye hakuna tundu la hadithi lililobaki wazi. Naye alimwita binti yangu Dozi, kwa sababu, alisema, mwanamke huyu hawezi kukuambia hata neno la mapenzi bila kukutajia ni mara ngapi kwa siku na kama ni kabla au baada ya chakula.

Walikuwa wakikaa kwenye benchi la saruji nyuma ya jengo, karibu na mashine za kufulia mashuka, zilizokuwa zikinguruma mchana kutwa na kutoa joto lenye harufu ya sabuni. Viraka na ovaroli lake la buluu lililochakaa magotini, binti yangu na koti lake. Jioni, marudio ya tamthilia yakiisha, simu inaita.

"Umeona?" Viraka anauliza.

"Nimeona. Daktari ana kovu shavu la kulia. Jana lilikuwa la kushoto."

"Subiri kidogo." Kisha: "Kuta za jikoni kwao ni chuma kinachong'aa kama kioo. Wewe jana ulionyeshwa ukuta. Hukuonyeshwa daktari."

"Wewe mwanamume hufai."

"Nakufaa wewe tu, Dozi wangu. Asubuhi, mchana na jioni."

Niliyasikia hayo nikiwa napanga vyombo, na sitasema kwamba hayakunifurahisha. Viraka alikuwa na sheria yake moja, ambayo binti yangu aliirudia nyumbani kama mtu aliyetoka ibadani: hakuna kosa, kuna jambo ambalo hatujaonyeshwa. Mimi niliishia darasa la saba, nikaona hiyo ni sheria ya mtu mwenye moyo mwema. Asiyekimbilia kusema "mmekosea" ni mtu wa kuishi naye.

Tena nilikuwa nimechoka. Binti yangu alikuwa na miaka thelathini na miwili. Mwanamume wa kwanza aliondoka bila kuaga, wa pili aliaga kwa ujumbe wa simu wenye mistari miwili. Ndugu walikuwa wameacha kuniuliza habari zake, na hilo la kuacha kuuliza liliniuma kuliko kuuliza kwenyewe. Uchovu wa mzazi una hatari yake. Mtu anaweza kuchora mlango ukutani kwa chaki, nawe ukaenda kutafuta ufunguo.

Tundu la kwanza lilikuwa kiatu. Viraka alikuwa anatafuta bisibisi kwenye mkoba wake wa kazi, na kati ya spana na koili za waya kikatoka kiatu cha mtoto, chekundu, chenye ua la plastiki na kamba iliyokatika. Kilikuwa kidogo, hakizidi kiganja sana. Binti yangu akakishika, akatabasamu.

"Cha mtoto wa dada yako, bila shaka," akasema. "Umepewa ukishone."

Hapa naomba msome polepole. Viraka alikuwa tayari ameshavuta pumzi. Ameniapia, nami namwamini, kwamba maneno yalikuwa mdomoni: ni cha mwanangu, nina binti wa miaka sita, mama yake tuliachana miaka mitatu iliyopita, hati ya talaka ninayo. Ni maneno ya sekunde kumi. Lakini mbele yake kulikuwa na jibu lililokwisha kuandaliwa, limepakuliwa, limepoa kiasi cha kulika. Akasema, "Ndiyo."

Hivyo dada yake alizaliwa pale kwenye benchi la nyuma ya hospitali, saa saba na nusu mchana, na mkunga wake alikuwa binti yangu.

Tundu la pili lilikuwa Jumamosi. Siku hiyo simu ya Viraka haikupatikana kuanzia asubuhi mpaka saa kumi, kila wiki, na kila wiki binti yangu alizunguka sebuleni akiishika simu kama mtu aliyebeba chai ya moto. Hili sikumsukumia mtu, nililiziba mimi mwenyewe. Nilikuwa nakunja nguo. Nikamwambia: mwanangu, lifti za maofisi zitatengenezwa siku gani kama si Jumamosi, watu wakiwa hawapo? Na shimoni mtandao utatoka wapi? Binti yangu alinitazama kwa shukrani, nami nikajiona nina akili za kuwashinda waliosoma. Jioni alimuuliza Viraka, kama kweli huko ni kuuliza: "Leo mlikuwa kwenye lifti za maofisi, sivyo? Pole, mpenzi." Akajibiwa kwamba ndivyo, na asante.

Tundu la tatu lilikuwa nywele. Siku moja binti yangu alikuja benchini kafumua nusu ya kichwa, amechelewa, anaona aibu. Viraka akafuta mikono kwa kitambaa, akamwambia ageuke. Akamgawa nywele kwa ncha ya chanuo, mistari minyoofu, akamsuka mabutu manne kwa dakika chache, na vidole vyake havikuvuta wala kuumiza popote. Fundi wa lifti. Binti yangu alikaa kimya na shingo imelegea, amefumba macho, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayesinzia kwamba yule dada alimfundisha Viraka vizuri. Viraka akamwambia alimfundisha, ndiyo.

Basi dada akaendelea kukua. Viraka hakumwongezea hata unyoya. Ukimuuliza leo atakuambia hivyo, na kwa haki ni kweli. Binti yangu ndiye aliyeona kwamba dada huyu lazima anakaa mbali ndiyo maana haonekani. Ndiye aliyeona kwamba mumewe ni wa kusafiri, ndiyo maana mtoto analetwa kwa mjomba. Ndiye aliyehisi kwamba ni mwanamke mwenye haya, si mtu wa kupenda simu. Viraka alikuwa anaitikia tu. Binti yangu akanunua tepe za nywele, za rangi ya machungwa, akampa ampelekee mtoto. Jumapili iliyofuata akaambiwa zimempendeza sana, na hilo lilikuwa kweli tupu. Yule mtoto alilala nazo.

Nawaambia, Viraka hakuwa tapeli. Tapeli angetunga. Huyu alikaa tu, binti yangu akamtunga.

Mambo yalifika pa kufika. Viraka aliposema anataka kuoa, nilimwambia wazazi wake ni marehemu, Mungu awapumzishe, hilo nimelielewa, lakini mtu wa kwao mmoja lazima aingie kwangu kabla sijasikia habari za tarehe. Nikasema dada anatosha. Akasema dada anaumwa. Wiki iliyofuata dada alikuwa amesafiri. Wiki ya tatu nikamwambia, kwa upole lakini nimeshika kiuno, kwamba Jumapili saa kumi kaka yangu atakuwepo, chakula kitakuwepo, na dada aje hata kama atakuja anakohoa.

Angeweza kusema ukweli wiki hiyo. Anasema alijaribu mara mbili, na mara zote mbili binti yangu alimwahi: unaogopa dada yako hatanipenda, najua. Akaitikia.

Jumapili saa kumi kasoro akaingia. Shati la rangi ya maziwa, vifungo mpaka mkononi, viatu vimepakwa dawa. Nyuma yake mwanamke wa makamo mwenye gauni la kijani na mkanda unaong'aa, anatembea kama mtu ambaye viatu si vyake. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo, mama," nikaitikia. Binti yangu alivaa gauni la hudhurungi alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, na herini ndogo. Alimkumbatia yule mwanamke kwa nguvu. Nilimwona mwanamke anatazama juu ya bega la binti yangu, anatazama ukuta.

Tulikula. Kaka yangu, ambaye alikuwa dereva wa malori miaka thelathini na haoni soni kumuuliza mtu chochote, aliuliza habari za barabara, kazi, mume. Dada alijibu sawasawa. Mume yuko safarini. Yeye si mtu wa simu. Viraka alikuwa amemfundisha mambo yote tuliyoyajua. Shida ni kwamba tepe za nywele hakuziona kuwa jambo, akazisahau.

Nikamuuliza mtoto hajambo? Ni swali la heshima tu, nilikuwa nampakulia.

"Hajambo, mama," alisema, na kwa mara ya kwanza uso wake ukachangamka, kwa sababu sasa alikuwa anasema habari za mtoto wake wa kweli. "Mtundu huyo. Juzi nimemnyoa kichwa kizima, kipara, maana alijipaka lami akicheza mpira na wenzake barabarani."

Kijiko changu kilibaki hewani. Kaka yangu aliendelea kutafuna. Viraka alitazama sahani. Na binti yangu, nilimwona kwa macho yangu, akatabasamu, akaegemea mbele, akaanza.

"Aa, huyo atakuwa yule mkubwa," alisema. "Tepe ni za yule mdogo. Yaani una watoto wawili, ila sisi huwa tunamtaja mmoja tu kwa sababu ..."

Akasita. Nadhani alijisikia. Kama mtu anayeimba peke yake ndani ya nyumba, halafu akagundua kwamba dirisha liko wazi. Tabasamu likabaki usoni, lakini mwenyewe hakuwamo tena.

"Kwa sababu gani?" akamuuliza Viraka.

Viraka akamtazama. Hata hapo, jamani, alimtazama kwa matumaini. Alikuwa anasubiri.

"Mimi sisemi," binti yangu alisema. "Leo sisemi. Sema wewe."

Viraka akaweka mikono mezani. "Sina dada," akasema. "Kiatu ni cha mwanangu."

Yule mwanamke akainuka, akachukua mkoba wake. Alikuwa karani wa ofisini kwao, anayeandika kadi za kazi. Akaniomba radhi, akasema aliambiwa ni shughuli ya nusu saa na kwamba ni ya heri. Nilimsindikiza mlangoni kwa sababu sikujua la kufanya kingine. Njiani alivua viatu akaenda peku.

Viraka naye aliondoka bila kufukuzwa. Binti yangu aliosha vyombo vyote, hata vile visafi. Alipomaliza aliniuliza: "Mama, nani alisema ana dada?"

Tukarudi nyuma, mimi na yeye, siku kwa siku, kama walivyokuwa wakiirudia ile tamthilia. Nani alisema dada? Yeye. Nani alisema anakaa mbali? Yeye. Nani alisema Jumamosi ni lifti za maofisi? Nikakohoa nikasema ni mimi. Tulikwenda mpaka mwanzo kabisa, na katika miezi tisa hatukukuta swali hata moja, ukiacha ya tamthilia, ambalo binti yangu alimuuliza yule mwanamume bila jibu kuwa limo ndani yake.

Wiki sita zikapita hivyo. Viraka alipiga simu, hakupokelewa. Akatuma sauti za kurekodi. Nilizisikia, binti yangu aliziwasha mbele yangu huku ametazama pembeni. Alieleza kila kitu. Alianza na kiatu, akaenda Jumamosi, akaenda nywele, kila jambo mahali pake, kwa nini alisema hivi na kwa nini hakusema vile, woga ulitoka wapi na aibu ilitoka wapi. Ilikuwa kazi safi. Nilipomuuliza binti yangu anaonaje, alisema, "Hakuna hata tundu moja, mama. Ndiyo maana siamini." Akazifuta.

Kazini aliomba wahamishe runinga, wakakataa. Akawa anakaa ameipa mgongo. Mchana mmoja yule mzee wa fimbo, ambaye presha yake humleta kila mwezi, aliinama dirishani, akamuuliza kwa sauti ya chini: mke wa nahodha si alizikwa angani msimu wa kwanza, mbona leo anakoroga supu? Fundi wako angesemaje?

"Walikosea tu, babu," binti yangu alimjibu. "Waliotunga walisahau."

"Kumbe huwa wanasahau?"

"Huwa wanasahau. Moja asubuhi, moja jioni, maji mengi."

Mzee aliondoka na dawa zake, na nasikia alionekana kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Ningependa kusema kwamba mimi ndiye niliyemwambia asimrudie, au mimi ndiye niliyemwambia amrudie. Sikusema. Kila nikifungua mdomo nilikuwa naona lile fungu la nguo ninalokunja na ule werevu wangu wa Jumamosi. Nilimwona tu anakonda, anakula kwa kuzungusha kijiko. Siku moja akatamka, bila mimi kuuliza, kwamba kuna jambo moja linamtesa: hajui kama alimpenda yule mwanamume au alipenda kazi yake mwenyewe. Na hakuna wa kumjulisha ila Viraka mwenyewe, ambaye, alisema, bado hajawahi kukutana naye.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwa yule karani, akaomba maelekezo ya nyumba ya Viraka. Ilikuwa asubuhi, saa nne. Alivaa sketi ya kazini na blauzi ya kawaida, hakujipamba. Alipita nyuma ya kituo cha mafuta, akapanda ngazi za nje za jengo la ghorofa mbili, rangi imebanduka, nguo zimeanikwa kwenye reli. Hakukuwa na lifti. Juu kabisa, mlango ulikuwa wazi, na kizingitini alikaa Viraka, kaptula na fulana, chanuo mdomoni, mtoto wa kike katikati ya magoti yake. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa, nusu imesimama. Mtoto alikuwa anakula mkate, makombo yanamwangukia mapajani.

Viraka alimwona, na vidole vikasimama kwenye nywele.

Binti yangu alikuwa amejiandaa na swali moja, alilikariri njia nzima. Hakuwahi kulitoa. Mtoto alimtazama kuanzia viatu mpaka miwani, akameza mkate, akamuuliza baba yake: "Baba, huyu nani?"

Viraka akatoa chanuo mdomoni. Akainua macho kwa binti yangu, kwa ile tabia yake, yale macho ya kusubiri apakuliwe. Na binti yangu alikuwa nayo majibu. Ameniambia yalimjia manne kwa mpigo: rafiki wa baba, mtu wa kazini, shangazi, mgeni tu mwanangu. Yote mazuri, yote ya kumtoa mtu aibuni. Aliuma ulimi. Anasema aliuma kwelikweli, akahisi damu, na akashika reli ya ngazi ili asiseme.

Chini mtu aliwasha pikipiki ikakataa, akaiwasha tena. Mtoto aliuma mkate mara ya pili.

"Huyu," Viraka akasema, "ni mtu niliyemdanganya kwamba wewe si mwanangu."

Mtoto akageuza shingo kumtazama. "Kwa nini?"

Yule mwanamume aliyeweza kukueleza jinsi kovu linavyohama shavu, na mkono uliokatwa unavyoshika kikombe, alifungua mdomo mara mbili.

"Sijui, mama," akamwambia mwanawe. "Nilifanya vibaya. Sina maelezo."

Mtoto alilifikiria hilo. Akasema ni vibaya sana, na kwamba amsuke upesi, kichwa kinauma kukaa upande. Viraka akarudisha vidole kwenye nywele, lakini mstari ukaenda kombo kwa mara ya kwanza. Aliongea akiwa ameinamia kile kichwa. Alisema mkewe wa zamani alimchoka kwa sababu kila alipokosea alikuwa na maelezo mazuri. Alisema anaogopa watu wakinyamaza. Alisema hayo bila mpangilio, mwisho kabla ya mwanzo, mengine hayakuungana kabisa, na binti yangu, akiwa bado amesimama kwenye ngazi na mkoba begani, hakuunga hata moja. Alipomaliza alimwomba amrudie. Hakusema waoane. Alisema amrudie kwanza, amjue alivyo, ndipo aamue.

Binti yangu alikaa pale mpaka saa tisa. Mama wa mtoto alipokuja kumchukua, mwanamke mrefu aliyevaa sare ya benki, wakaamkiana. Haikuwa raha, wala hakuna aliyekufa.

Saa kumi akanipigia. Niliijua pumzi yake kabla hajasema neno. Alinieleza yote niliyowaeleza hapa, kwa kifupi, kwa sauti ya mtu aliyebeba ndoo kutoka mbali.

"Kwa hiyo?" nikamuuliza. "Utaolewa naye?"

Hapo ulimini nilikuwa na mambo: najua umechoka mwanangu, najua huwezi, au najua unampenda, sema tu ndiyo. Nilikuwa nayo yote, yamepangwa. Nikashika ukingo wa meza. Nilisubiri mpaka nikadhani simu imekatika, nikaitazama, sekunde zilikuwa bado zinakwenda.

"Naolewa, mama," akasema mwishowe. "Lakini naogopa."

Nikamwambia aje nyumbani, tukaogope wote.